Achari Isiyo na Thomu

Mimi nina pua. Wenzangu wamejaaliwa sauti, wengine nywele, wengine waume matajiri. Mimi nimejaaliwa pua, na kwa miaka mingi niliringa nayo kupita kiasi. Nikiingia tu mlangoni kwetu, hapa Mji Mkongwe, nilikuwa naweza kusema nani katika nyumba kafungua samli mpya, nani kaunguza maziwa, na nani kafua nguo akazianika chumbani kwa uvivu wa kupanda darini. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba nimepotea njia, nilitakiwa niajiriwe bandarini ninuse makontena. Nilicheka, lakini moyoni niliona anasema kweli. Mtu anayesifiwa kwa jambo moja tu hulishika kwa mikono miwili.

Naanza na pua ili ieleweke mapema kwamba nilichokifanya sikukifanya kwa kutojua. Nilijua kila kilichokuwemo ndani ya ule mtungi. Hakuna aliyejua zaidi yangu.

Juu yetu anakaa mjane wa Kihindu. Watoto wake wote wamehamia nchi za nje na humpigia simu Jumapili. Yeye kazaliwa katika nyumba hii hii, na ukimuuliza kwa nini hawafuati hukujibu kwamba huko hakuna mtu wa kumwita Ba akiwa ngazini. Ba ndivyo wanavyowaita kina mama wazee kwao, na nyumba nzima tulimwita hivyo. Mimi humwamkia, "Shikamoo Ba," naye huitika, "Marahaba mwanangu," ingawa mwanawe wa kwanza nimemzidi umri.

Miaka thelathini vyombo vilipanda na kushuka baina yetu. Sahani yake ikishuka na kitu, haikurudi kwake tupu, na yangu ikipanda, haikushuka tupu. Siku ambayo sina kitu nilitia sukari. Yeye hali nyama, hali samaki, hali yai, na katika madhehebu yao hawali hata kitunguu maji wala kitunguu thomu. Kwa hiyo mimi nilimpelekea vitumbua, ndizi za kupika kwa nazi, na mihogo. Kitunguu maji niliweza kukifahamu, kinaliza watu. Lakini thomu! Nilikuwa nikimhurumia. Niliona ni kama mtu asiyependa bamia, kwamba ni mazoea tu, na kwamba angejaribu mara moja angejuta kwa miaka aliyoipoteza.

Yeye hakunichukulia hivyo mimi. Binti yangu alipokuwa na miaka sita, watoto wa Ba walileta peremende laini za rangi rangi, na Ba akampa binti yangu mfuko mmoja. Baadaye akavaa miwani yake akasoma maandishi nyuma ya mfuko mwingine. Nilimsikia akishuka ngazi na goti lake bovu, kiatu kimoja mguuni, akipiga kelele, "Usile! Usile! Mna nguruwe humo!" Alimfungua mtoto mdomo, akamtoa peremende kwa kidole chake, akamsukutuisha maji mara tatu kwenye karo langu la kuoshea vyombo. Kisha akanigeukia mimi, jasho linamtoka, akasema, "Nisamehe mwanangu, ningesoma kwanza." Kisa hiki nimekisimulia katika maharusi yasiyo na idadi, na kila mara watu walisema, majirani kama hao hawapatikani siku hizi. Nami nilikubali kama kwamba sifa ni yangu.

Sasa nije kwenye achari. Kila mwaka, wakimaliza mfungo wao mmoja, Ba aliwaalika kina mama wa jamaa yake kula chakula cha mchana. Zamani walikuwa wengi hata wakakaa mpaka ngazini na masinia mapajani. Siku hizi wamebaki saba. Wenzake wana nyumba mpya nje ya mji, wana magari, wana wakaza wana wa kuwapikia. Ba hana hayo. Ana vyumba vitatu vya kukodi vyenye dari inayovuja, na ana achari ya matango. Wali, dengu, puri na mabilingani kila mmoja wao angeweza kupika kwake, na pengine vizuri zaidi. Walichokipandia ngazi zile ndefu ni achari, na kila mmoja aliondoka na chupa yake ndogo, akihesabu siku za kuifungua. Siku ile moja katika mwaka, Ba alikuwa mtu mbele ya watu. Akiwapa chupa alisimama wima kabisa, na goti lenyewe halikumuuma.

Nilimsaidia tangu nilipokuja nyumba hii nikiwa bibi harusi. Tulichagua matango machanga, madogo, yasiyojaa mbegu. Nilikuwa nikiyanunua Darajani kwa mama mmoja wa Kitumbatu ambaye hakuniruhusu kuyabonyeza, maana alisema mkono wangu unayaumiza. Nyumbani tuliyakata vipande virefu kama vidole, tukakwangua mbegu kwa kijiko, tukayatia chumvi na manjano mpaka kesho yake. Asubuhi tuliyakamua, tukayatandaza darini juu ya kitambaa cheupe kwa siku mbili, yakakunjamana pembeni lakini katikati yakabaki magumu, ukiuma yanalia. Halafu haradali iliyopondwa, uwatu kidogo, pilipili nyekundu kavu iliyotwangwa, maji ya ndimu, na mafuta ya ufuta yaliyochemshwa mpaka yakatoa moshi.

Ndani ya mafuta yale ya moto ndiko ulikoingia mvuje. Sisi Waswahili mvuje ni dawa. Tunaufunga kwenye kitambaa tukamvisha mtoto mchanga kumkinga na jicho, na harufu yake ni ya kufukuza shetani kweli. Kwao mvuje ndio unaochukua nafasi ya thomu. Ba aliutia kwa kunusa. Aliinamia sufuria, akafumba macho, akaongeza, akafumba tena, mpaka akasema, "Bas." Sikuwahi kumuona akipima kwa kijiko.

Kisha ukaja mwaka ule wa homa iliyozunguka dunia nzima. Ba aliugua wiki tatu, akapona, lakini pua yake haikupona. Akawa hasikii harufu ya kitu chochote, na mdomoni humfikia chumvi na ukali wa pilipili tu. Mwanzo alificha. Mchana mmoja mimi nipo chini, nikasikia harufu ya gesi, nikapanda mbio, nikamkuta kakaa na gazeti lake pembeni ya jiko lililofunguliwa bila moto. Nilizima, nikafungua madirisha, nikamfokea kama mtoto. Ba akanishika mkono.

"Basi wewe ndo pua yangu sasa," alisema. "Mimi yangu nshaizika."

Tangu siku hiyo kila baada ya Alasiri nilipanda kwake. Alinitolea maziwa kutoka kwenye friji, akanipa gilasi. "Ninusie." Nikisema, "Mazima, Ba," aliyachemsha tukanywa chai. Nikisema, "Yamwage," aliyamwaga hapo hapo, hata kama kayanunua asubuhi, bila ya kuniuliza mara mbili. Aliniletea samli, unga, nguo zake zilizotoka kuanikwa. Siku moja akaniuliza kwa sauti ndogo kama yeye mwenyewe ananuka uzee. Nilimwambia ananuka sandali, na ilikuwa kweli. Sijawahi kuaminiwa na mtu namna ile, hata na mume wangu.

Mwaka wa kwanza baada ya homa tukatengeneza achari, mkono wake, pua yangu. Mafuta yalipotoa moshi akatia mvuje chembe kidogo, akanitazama. "Inasemaje?" Mimi harufu ile ikanijaa kichwani, nikamkumbuka binti yangu mchanga na kitambaa chake shingoni, nikaona mtu na akili yake hawezi kula kitu hiki zaidi ya hapo. "Bas, imetosha," nikamwambia. Akaniamini.

Achari ile ilikuwa imepooza. Wageni walikula wakashukuru, ni watu wa adabu. Lakini walipoondoka, Ba alizunguka sinia moja moja akitazama vipande vilivyobaki, na chupa mbili zilisahauliwa mezani. Watu hawakupata hata siku moja kusahau chupa zile.

"Labda pua imekufa mpaka kwenye mkono," Ba alisema, huku akizitazama zile chupa.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Maneno yenyewe ni machache: Ba, kosa langu, mvuje ulipungua, niliuogopa. Hakuna ambaye angenichapa. Lakini kusema hivyo ni kusema pua yangu ilikosea, nami sikuwa na kitu kingine cha kuringia. Nikamwambia matango ya mwaka ule yalikuwa na maji mengi.

Mwaka mzima nilikaa na lile neno lake. Nataka kusema kwamba nilimwonea huruma, na huruma ilikuwepo, siikatai. Lakini chini ya huruma palikuwa na kiburi. Nilitaka wale kina mama walambe vidole. Nilitaka Ba aambiwe kwamba achari haijawahi kuwa tamu hivi, na mimi nikiwa jikoni nijue ni ya nani.

Ba mikono yake haiwezi tena kutwanga. Mwaka wa pili aliniteremshia pilipili kavu na haradali nikamtwangie kwangu, na juu yake akaniteremshia kinu chake na mchi wake, vya chuma, vizito, maana changu kinatwanga thomu kila siku. Hakueleza sababu. Hatukuwa watu wa kuelezana mambo kama hayo. Alisema tu, "Hiki kizuri zaidi," akakiweka juu ya meza yangu, amekifunika kwa kitambaa safi.

Nami nikachukua punje sita za thomu, nikazimenya, nikazitwanga na pilipili ndani ya kinu kile kile.

Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa nikifikiri nini. Nilikuwa nikifikiri: kidogo tu. Nilikuwa nikifikiri: mvuje utaificha. Nilikuwa nikifikiri: hawa wenyewe hawaijui thomu, wataijuaje? Na nilikuwa nikiimba, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilitwanga huku nikiimba.

Kwa Ba nilimpa pilipili ndani ya bakuli. Alichanganya kwa mkono wake mwenyewe, akamimina mafuta, akatia katika mtungi wake wa kauri, wa rangi ya maziwa chini na kahawia shingoni, uliokuja na mamamkwe wake kutoka Bara Hindi. Akachota kipande akaonja. Nilimuona akitafuta kitu mdomoni, kama mtu anayepapasa swichi gizani.

"Chumvi naisikia. Pilipili naisikia," alisema. "Pua yangu inasemaje?"

"Iko sawa sawa, Ba."

Aliufunga mtungi kwa kitambaa na uzi, akauweka pale pale unapokaa kila mwaka, siku kumi, uive.

Siku ya karamu mimi nilikuwa jikoni kwake nikipika chai ya hiliki na kukaanga puri. Kati ya jiko na ukumbi pana pazia tu. Nilisikia kitambaa cha mtungi kikifunguliwa, nikasikia achari ikipita mkono kwa mkono, na nikasogea karibu na pazia, Mungu anisamehe, ili nisikie sifa zangu.

Mwanzo nilisikia watu wakitafuna. Mmoja akasema kitu kwa lugha yao kwa furaha, na nikatabasamu. Halafu mwingine akasema neno moja, kwa kuuliza. Kigujarati changu ni cha jikoni, sijui kuaga wala kuhesabu, lakini chumvi nalijua, sukari nalijua, na hilo nalo nalijua. Mwanamke wa tatu akalirudia kwa Kiswahili, pengine ili na mimi nisikie.

"Ba, humu mna thomu."

Viti vikakwaruza sakafu. Mmoja, mkubwa wao kuliko wote, alinyanyuka akaenda chooni. Alikuwa kashakula vipande viwili. Nikamsikia akisukutua. Alisukutua, akatema, akafungua tena bomba, akasukutua, na sauti ile haikwisha haraka. Nilikuwa nimesimama na kijiko cha puri mkononi, mafuta yananichuruzika juu ya mguu, na wala sikuusikia moto wake. Nilikumbuka maji yaliyotoka mdomoni mwa binti yangu kwenye karo langu.

"Nani alitwanga pilipili?" mmoja akauliza, na nilijua bila ya kuona kwamba macho yamegeukia kwenye pazia.

Katika nyumba ya Ba hamna thomu. Haijapata kuingia. Yeye hawezi kuinusa wala kuionja, lakini hesabu ile hata mtoto angeifanya: kinu kilishuka kwangu, pilipili ikapanda kutoka kwangu. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Nimetwanga mimi," Ba alisema. "Mimi mwenyewe. Niliinunua dukani pilipili iliyosagwa, nikaongezea, sikusoma pakiti. Siku hizi sisomi vizuri. Nisameheni."

Mtu mwenye haya angetoka nje ya pazia wakati huo. Lilikuwa hatua tatu kutoka niliposimama. Mimi nilizima jiko, nikapanga vikombe katika sinia, nikapeleka chai. Nilizunguka mmoja mmoja, "Karibu chai, karibu chai," na sauti yangu ilikuwa tamu. Hakuna aliyenitazama usoni, wala Ba. Walikunywa kwa adabu. Chupa ndogo saba zilikuwa zimepangwa kwenye kabati, zimefungwa utepe mwekundu, na hazikuguswa. Yule mkubwa wao alipoaga alimshika Ba mabega yote mawili.

"Sasa pumzika, dada. Umeshatulisha sana. Mwaka ujao mtakuja kwangu."

Lilisemwa kwa mapenzi, na Ba alilipokea kwa mapenzi, akainamisha kichwa. Nilimuona anavyoshika meza. Goti lilikuwa linamuuma.

Wakatoka. Nikabaki mimi na yeye na vyombo. Nilisema, "Ba." Akasema, "Vyombo kwanza mwanangu, mafuta yataganda." Nikaosha vyombo. Nilipomaliza alikuwa kashaingia chumbani kwake na mlango umerudishwa, nami nikashuka. Nilishuka kwa furaha ya mwizi aliyepitwa na askari, na nataka hilo liandikwe pia.

Wiki nzima sikupanda. Nilimtuma binti yangu, ambaye sasa ni mtu mzima, mwalimu, akamnusie maziwa. Nilisema nina mafua. Nikawa nanusa kila kitu nyumbani kwangu, mapazia, maji ya mtungi, mikono yangu, na kila pahala nilisikia thomu.

Siku ya nane binti yangu aliporudi kutoka kazini alinikuta jikoni, mikono imemjaa, uso unang'ara.

"Mama! Ba kakupa mtungi wake! Ule wa achari!"

Aliuweka mezani. Ulikuwa umeoshwa, umekaushwa juani, na ndani yake mlikuwa na sukari mpaka shingoni, kwa sababu chombo hakitoki kwa Ba kitupu. Nilisema, kanisamehe. Nilifikiri zaidi ya hapo, aibu zangu ni nyingi: nilifikiri, kanirithisha. Nikauona mtungi ule kwenye kabati langu miaka ijayo, na mimi nikiwaambia watu ulikotoka.

"Na hivi pia," binti yangu alisema, akarudi mlangoni, akainua kwa tabu kile kinu cha chuma na mchi wake.

Nilivitazama viwili vile pamoja, mtungi na kinu, na hapo nikaelewa. Mama yangu alikuwa na sufuria aliyowaazima wageni wa hoteli, miaka hiyo, akaja kujua wamepikia nguruwe ndani yake. Aliiosha mara saba, na udongo, kisha akaitoa nyumbani asiione tena. Ba hakunipa zawadi. Alitoa ndani ya nyumba yake vitu ambavyo hawezi tena kuvitumia, na kwa kuwa ni mtu wa heshima, akavitoa na sukari.

Nilimsimulia binti yangu yote. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Na ile peremende, mama?" akaenda kusali.

Nikapanda. Ilikuwa baada ya Alasiri, saa yetu ile ile. Ba alikuwa dirishani anachambua dengu kwenye ungo. Nilimwamkia, akaitika. Sikukaa, maana nilijua nikikaa nitaanza kuzungumzia matango.

"Ba, thomu nilitia mimi. Punje sita. Nilitwanga ndani ya kinu chako. Na mwaka jana nilikwambia mvuje umetosha na haukutosha. Nilikuwa najua, Ba."

Aliendelea kuchambua. Aliokota jiwe dogo, akaliweka pembeni.

"Nnajua mwanangu."

"Kwa nini hukusema mbele yao?"

"Ningesema, wangeniambia usipande tena. Na mimi ningesema nini, ningekutetea vipi?" Alisukuma miwani juu. "Mzee akisahau, watu humwambia pumzika. Wewe wangekwambia neno jingine. Umri wako bado, ungekaa nalo siku nyingi."

Nilianza kulia. Nililia kwa kelele, bila ya adabu, na Ba akaniachia nilie mpaka nikanyamaza mwenyewe. Halafu akasema yamekwisha. Alisema hivyo mara mbili, "Yashakwisha, yashakwisha," na nadhani kwa upande wake yalikuwa yamekwisha kweli, kwamba alikuwa kayaweka chini kama lile jiwe la dengu. Akasimama, akaniambia nikae, atapika chai.

Alitia maji jikoni, akatia hiliki na tangawizi. Akafungua friji, akamimina maziwa katika gilasi, akanipa, kwa mkono ule ule, kama siku zote.

"Ninusie."

Nilinusa. Nilinusa vizuri kuliko nilivyopata kunusa kitu chochote maishani mwangu. Yalikuwa maziwa ya asubuhi ile, matamu, bado yana harufu ya majani.

"Mazima, Ba."

"Ahsante mwanangu."

Aliichukua gilasi. Alisimama kidogo akiyatazama maziwa, kisha akanitazama mimi, bila hasira yoyote, kama mtu anayeangalia mvua kama imekatika. Akaenda kwenye karo akayamwaga, polepole, akasuuza gilasi.

"Leo tunywe ya rangi," alisema.

Tukanywa chai ya rangi, bila ya maziwa. Hiyo ni miezi kadhaa sasa. Napanda kila siku, ananipa maziwa, nayanusa, nasema neno langu, ananishukuru, na tunakunywa ya rangi. Sijamuuliza, wala sitamuuliza. Lakini yale ya siku ile ya kwanza, wallahi, yalikuwa mazima.